Pini Ambayo Ianthe Hakuishika

Kila Jumamosi nyumbani kwa akina Ianthe, katika kijiji cha Windward kisiwani Carriacou, kazi zilianza mapema. Bibi alikaanga mikate na kuchemsha kakao. Mama mdogo Zelma alipakia viazi, vitunguu na mayai kwenye mashua yake, ili akaviuze kisiwa cha Union. Alisafiri peke yake, kwa sababu baharia wa pili angekula faida yote. Mashua haikuwa na injini. Tanga lilikuwa limeungwaungwa kwa vipande vya matanga makuukuu, na waya zilizoshikilia mlingoti zilikwisha kutumika katika mashua nyingine kabla ya hiyo.

Ianthe, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa kazi moja tu: kukagua pini ya chuma iliyofunga waya wa mbele wa mlingoti. Alifundishwa aishike, aizungushe, aone kama imelegea au imeliwa na kutu.

Jumamosi hiyo rafiki yake Keturah alikuwa akimwita ufukweni, ambako watoto wenzao walikuwa wakishindanisha vimashua vya vifuu. Ianthe akaitupia pini jicho kwa mbali. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, lakini alijiambia kwamba haitakatika leo.

"Pini umeishika?" mama mdogo aliuliza huku akivuta nanga.

"Nimeishika."

"Haya. Msaidie bibi yako kuanika nguo, usijifanye umesahau."

Zelma akatweka tanga, akaenda zake.

Kwa kawaida alipiga simu mara tu alipofika Union. Siku hiyo adhuhuri ilipita, upepo ukazidi, na simu haikulia. Bibi alipompigia, hakupatikana. Akampigia mama aliyenunua bidhaa zake huko, naye akasema hajaona tanga lolote. Bibi akaketi ghafla kizingitini, mikono ikiwa na unga wa mikate ya jioni.

Walimkuta ufukweni Kapteni Cosnel, jirani yao mwenye boti ya injini, lakini yeye hakuwa na wasiwasi. Alisema Zelma bila shaka amejibanza kisiwa cha Petite Martinique, upande wa mashariki, akingoja upepo upungue, kama alivyozoea. Angeenda kumtazama huko.

Ianthe akaikumbuka ile pini. Kama pini imekatika, mlingoti umeanguka. Mashua isiyo na tanga wala injini huchukuliwa na mkondo kwenda magharibi, kwenye bahari tupu. Akisema, kijiji kizima kitajua kuwa yeye ni mwongo. Asiposema... Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo.

"Kapteni, usiende mashariki," alisema. "Pini ilikuwa na kutu. Sikuishika. Nilimdanganya mama mdogo."

Watu wote pale ufukweni wakamgeukia. Keturah akasogea kando. Ianthe alingoja kofi, lakini bibi hakumpiga. Alimtazama tu, kama mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba yake.

"Mchukue, Cosnel," bibi alisema hatimaye. "Macho yake ni makali. Akamtafute."

Walikwenda magharibi mpaka vilima vya Carriacou vikawa vidogo nyuma yao. Kitu cha kwanza walichokiona ni vitunguu. Vilikuwa vikielea kimoja kimoja, vikipanda na kushuka na mawimbi. Ianthe akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mbele zaidi wakaiona mashua. Mlingoti ulikuwa umelala majini, na Zelma ameketi ndani ya maji yaliyomfika kiunoni. Mkono mmoja ulining'inia. Kwa mwingine alikuwa akikumba maji kwa sufuria na kuyamwaga nje.

"Mmejuaje kuja huku?" aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Nilijua mtanitafuta Petite Martinique mpaka kesho."

Cosnel akasogeza boti ubavuni. Ianthe akaruka ndani ya mashua, akamweleza mwenyewe, neno kwa neno. Zelma alimkodolea macho, midomo yake myeupe kwa chumvi. Kisha akampa sufuria.

"Kumba maji," alisema.

Kesho yake, wanaume walipokuwa wakisimamisha mlingoti kwa pini mpya aliyoitoa Cosnel, Zelma alimwita Ianthe, wakaketi mchangani. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mlingoti uliponijia, nilijiambia haiwezi kuwa pini, maana pini imekaguliwa. Kisha nikaiona imekatika, na hilo lilinishtua kuliko kuanguka kwenyewe. Nami nina kosa langu, nahodha hukagua kwa mkono wake pia. Lakini sikia, mwanangu. Watu husema Zelma husafiri peke yake. Si kweli. Nikiwa baharini nimekalia maneno ya watu waliobaki pwani, na neno la uongo ni ubao uliooza. Jana ulisema kweli mbele ya watu wote, ikakuumiza, na ndiyo maana niko hapa. Siku nyingine iseme kabla sijang'oa nanga. Ukiniambia hukuishika, nitakasirika kidogo, basi. Hasira yangu haijawahi kuzamisha mashua ya mtu."