Maneno Aliyomwekea Mwenye Hoteli

"Filamu ya jasusi sikuimaliza," alisema Bi Maoni, akiweka flashi juu ya kaunta. "Dakika arobaini watu wanafukuzana na magari. Ningetaka kuangalia magari ningekaa barabarani, na upepo ungenipiga bure."

"Na ile ya nyumba ya msituni?" aliuliza Mkalimani.

"Ya wale vijana sita? Wamekufa wote, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuwasha taa. Hivi walilelewa na nani?"

Mkalimani alicheka mpaka akavua miwani. Dada yake, mwenye duka, alimtupia jicho akaendelea kunakili tamthilia za wateja. Alikuwa ameshazoea. Mdogo wake huyu hakuchekea mtu mwingine namna ile.

Jina la Mkalimani alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha nyuma ya duka, ambako magodoro mawili yaliegemezwa ukutani kuzuia kelele. Humo ndimo alimoweka sauti kwenye tamthilia za kigeni. Lugha aliipatia kwenye kampuni ya ujenzi ya wageni, alikotunza stoo miaka sita. Anasikiliza sentensi mbili, anasimamisha, anazisema. Sauti moja hiyohiyo kwa mabibi, majambazi na watoto wachanga. Kwa kuwa hakuna mwingine mtaani aliyeijua lugha ile, alichosema yeye ndicho kilichosemwa.

Bi Maoni naye alishona mapazia, duka la tatu kutoka hapo, simu imeegemezwa kwenye cherehani siku nzima. Kila Ijumaa alileta hukumu zake. Mkalimani alikuwa amempenda, amekufa ameoza, mwaka wa pili huo, na hajatamka. Mtu anayewasemea watu kutwa nzima, akifika mbele ya mwanamke mmoja ulimi unamganda. Ukimcheka utakuwa umemwonea, lakini mcheke kidogo.

"Na Mwenye Hoteli?" aliuliza tena.

Hiyo ndiyo tamthilia iliyokuwa inatamba. Bwana mmoja mwenye hoteli kamwacha mkewe, kaenda kwa mwingine, sasa anajirudisha.

"Yule simtaki," alisema Bi Maoni, na kicheko kikamtoka usoni. "Nimechoka na wanaume wa tamthilia. Vipindi kumi na saba, hakuna hata mmoja anayejua kuomba msamaha. Na wa nje ya tamthilia ni walewale."

Mkalimani alijua anamsema nani. Miezi miwili nyuma Bi Maoni alikuwa amevunja uchumba na mpima ardhi, baada ya kugundua kwamba huko porini anakokwenda kupima alikuwa na mwanamke mwaka mzima. Mpima ardhi alikuja dukani kwake, akasimama katikati ya vitambaa, akalia bila kutoa neno. Bi Maoni akamwonyesha mlango.

Wiki iliyofuata kikaja kipindi cha kumi na nane. Mwenye hoteli anapiga magoti mbele ya mkewe, machozi yanamchuruzika, mdomo kaufunga. Kinachosikika ni mawazo yake tu. Mkalimani alisikiliza, akasimamisha. Mawazo yenyewe yalikuwa haya: "Machozi kidogo tu. Akishatia saini hati ya hoteli, hatoniona tena."

Alikaa nayo. Akamfikiria Bi Maoni peke yake na lile cherehani, anasikia na hili tena. Akasogeza kipaza sauti, akasema:

"Sikukuacha kwa sababu ulipungukiwa na kitu. Niliogopa kukaa karibu na mtu anayeniona nilivyo. Kila siku nakuja na maneno, nikikuona yanapotea. Nivumilie, nijifunze kukaa."

Hayakuwa ya mwenye hoteli hata moja. Yalikuwa yake, ya miaka miwili. Alitaka tu mwanamke yule asikie neno zuri la mwanamume, na alisikie kwa sauti yake. Akafunga kazi, akaitoa, na siku ile alikula vizuri.

Jumatano ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Mkalimani, kipindi cha 18 kimenitoa machozi. Nakuja nikueleze."

Akachana nywele. Naam, alichana nywele.

Bi Maoni aliingia dukani na uso unang'aa.

"Nimemrudia," alisema.

"Nani?"

"Mpima ardhi wangu. Kaka yangu, wewe acha tu. Nilipomwona yule bwana amepiga magoti kimya, halafu nikasikia yaliyomo ndani yake, nikaweka mkasi chini. Nikajiuliza, na huyu wangu siku ile alipolia bila kusema, kama alikuwa na hayohayo moyoni? Mimi nilitaka aseme. Kumbe wengine wanasemea ndani."

"Ile ni tamthilia tu," alisema Mkalimani.

"Najua ni tamthilia. Lakini aliyeyatunga maneno yale anawajua wanaume. Nikampigia simu. Ndoa Jumamosi ya tatu kuanzia hii. Mapazia ya ukumbi nashona mwenyewe."

Akaondoka. Dada mtu, ambaye alikuwa amesikia yote, alikunja mikono.

"Yale maneno ya kipindi cha kumi na nane," alisema, "mbona yalinuka wewe?"

Mkalimani akamweleza. Dada yake akavuta kiti, akakaa kwanza.

"Mwambie."

"Nitamwambiaje? Mtaa ukijua nabadilisha maneno, nani ataamini sauti yangu? Na duka lako je?"

"Duka ni langu, niachie mimi. Yule anakwenda kuolewa na mtu kwa kuamini kwamba aliwaza ulichowaza wewe. Hilo unalilalia vipi?"

Halilaliki. Na mambo hayakungoja. Kipindi cha kumi na tisa kilipita salama, lakini cha ishirini mwenye hoteli, huyu ambaye Mkalimani alishamfanya malaika, alimzaba mkewe kibao na kumtupia mabegi nje huku anafoka. Mkalimani afanye nini? Akamsemesha: "Nenda ukapumzike kwenu, mpenzi, umechoka."

Wateja wakaja juu.

"Mbona anamwambia mpenzi na huku anamrushia sanduku?" aliuliza kinyozi wa jirani.

"Ana haraka. Basi linaondoka."

"Na kibao je?"

"Alikuwa anaua mbu."

Mkalimani akarudi kwenye magodoro yake, akaketi huko kama mfungwa. Kila kipindi kilichoingia kilimdai uongo mpya. Alijaribu kuandika ujumbe: "Bi Maoni, kuna jambo." Akaufuta. Akaandika mrefu zaidi, nao akaufuta. Siku zikaenda hivyo, na kila alipopita mbele ya duka la mapazia aliona kitambaa cheupe cha ukumbi kinazidi kurefuka chini ya cherehani. Hakuna alichoweza kukizuia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ndoa, saa nane mchana, alikwenda. Alikwenda kwa sababu dada yake alimfungia chumba cha kazi na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Bi Maoni alikuwa anapinda ncha za pazia la mwisho.

"Karibu. Usikanyage kitambaa."

Mkalimani akatoa simu, akamwekea kipande kile cha magoti, cha asili, bila sauti yake.

"Nisikilize hii ya nini? Siijui lugha hiyo."

"Nataka nikutafsirie upya. Neno kwa neno, safari hii."

Akamtafsiria. Machozi kidogo tu. Akishatia saini. Hatoniona tena. Bi Maoni aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, mashine ikanyamaza.

"Na yale niliyoyasikia?"

"Nilitunga mimi."

"Ulimtungia nani?"

"Wewe."

Akatazama pazia, akamtazama yeye. Hakupandisha sauti.

"Miaka miwili nakuletea maoni yangu. Nakwambia yupi mwongo, yupi mnafiki. Wewe umekaa upande wa pili wa kaunta unacheka, kumbe una la kusema. Halafu ukaja ukalisemea kwenye mdomo wa tapeli."

"Niliogopa."

"Nikamsamehe mtu kwa maneno yako. Sasa unataka nimwache kwa maneno yako tena?"

"Sitaki hivyo. Nataka ujue tu."

Wala hakuwa mkweli hapo, maskini. Alitaka amwache. Alikuwa amekuja njia nzima akiomba mpima ardhi awe mwongo, mwongo wa kupitiliza, ili mtu wa maneno aonekane.

Bi Maoni alichukua simu yake, akapiga, akaweka sauti ya nje. Mpima ardhi alipokea huku mashine inanguruma nyuma yake.

"Niambie, mama."

"Nina swali. Siku ile uliposimama hapa dukani ukalia, ulikuwa unawaza nini?"

"Siku ipi? Ile uliyonifukuza?"

"Hiyo."

Mkalimani akaisogelea simu. Sema kitu cha hovyo, alimwombea. Sema umesahau.

"Sikuwaza kitu," alisema mpima ardhi. "Nilijua nimekosa, na sina la kujitetea. Niliogopa tu. Nilitaka nikwambie naogopa, nikaona ni aibu, mtu mzima. Kwani vipi? Nimekosea tena?"

"Hapana. Ulikuwa hujanijibu, sasa umenijibu. Rudi kazini."

Akakata. Akaifumbata simu mkononi, na Mkalimani aliona machozi yanamjaa, yasidondoke.

"Umesikia," alisema Bi Maoni. "Hayana urembo. Hakuna hata moja ambalo ningelisifu kwenye tamthilia. Lakini ni yake."

"Alikuwa na mwanamke mwaka mzima."

"Mimi ndiye niliyekwambia. Nikilia naye huko mbele, nitalia kwa nilichokisikia mwenyewe." Akafuta macho kwa kipande cha pazia. "Sasa na wewe sema lako. Bila mwenye hoteli. Nisikie tu, haki yako."

Mkalimani alisimama pale, mikono haijui pa kukaa.

"Nakupenda," alisema.

"Ungeniambia mwaka jana."

"Ungenikubali?"

Bi Maoni alirudisha mguu kwenye kanyagio, lakini hakukanyaga.

"Ndiyo," alisema. "Nenda sasa, kaka. Nina mapazia ya kumaliza."

Afadhali angemtukana. Neno lile dogo alilibeba hadi nyumbani na halikumruhusu hata kukaa.

Jumamosi dada yake alikwenda harusini kwa niaba ya duka. Yeye alibaki amejilaza kitandani, mchana kweupe, anasikiliza jirani anavyofua. Dada aliporudi saa kumi na moja alimkuta palepale.

"Alipendeza?" aliuliza Mkalimani.

"Alipendeza."

"Na bwana harusi? Alihutubia?"

Dada yake akaona bora amalize.

"Walimpa kipaza sauti. Akakishika, akatokwa jasho, akasema, 'Asanteni kwa kuja.' Akakaa. Ukumbi mzima ukacheka."

"Na yeye?"

"Bibi harusi alisimama peke yake, akampigia makofi mpaka watu wakaacha kucheka."

Mkalimani akamwomba asiendelee. Dada yake akavua viatu, akaketi pembeni ya kitanda, akamshika mguu, wakakaa hivyo.