Mlango Usiogongwa

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kijana mmoja alifumbua macho bila kuamshwa na mtu. Alitandika kitanda na kukaza ncha za shuka mpaka likanyooka kama karatasi. Alipiga viatu rangi. Alioga maji baridi. Miaka minne ya shule ya bweni ilikuwa imemwingia mwilini. Miwili kati ya hiyo alikuwa mpiga kengele. Alipogonga kipande cha reli kilichoning'inia nje ya bwalo, wanafunzi mia sita waliamka, walikula, waliingia darasani na walilala. Ndipo wenzake walipomwita Kengele, na hata baba yake akalizoea jina hilo.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Tangu mama alipofariki, waliishi wawili katika nyumba iliyopakwa mabaki ya kazi za watu. Jiko lilikuwa na kijani ya hospitali. Sebule ilikuwa na manjano ya benki. Chumba cha Kengele kilikuwa bluu hadi usawa wa dirisha, kisha cheupe, kwa sababu bluu iliishia hapo.

Goti la kulia la baba lilikuwa limechakaa. Asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akalikanda goti, ndipo akasimama. Hata hivyo kila siku aliteremsha ngazi yake kutoka kwenye misumari miwili ya ukutani na kwenda kuipanda.

Siku ya kwanza ya chuo, baba aliipiga ngazi ile kofi.

"Unaiona hii, Kengele? Miaka mitatu. Ukimaliza chuo ukapata kazi, naipasua kuni mbele ya macho yako."

"Baba, hiyo ni ya aluminiamu."

"Basi nitawauzia wanunua vyuma chakavu. Usinibishie, msomi wewe!"

Walicheka. Kengele akatoka na viatu vyake vinavyong'aa, akaenda kusomea upimaji wa ardhi.

Chuoni hapakuwa na kengele. Hilo lilimsumbua tangu saa ya kwanza. Wanafunzi waliingia darasani wakitafuna. Wengine walitoka katikati ya somo na hakuna aliyewauliza. Mhadhiri aliingia, akafundisha, akaondoka. Hakuita majina. Kengele aliketi benchi la kwanza, mgongo wima, akawadharau wenzake kimoyomoyo.

Wiki ya pili tangazo lilibandikwa ubaoni. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wamwone mshauri wao wa masomo kwa ajili ya usajili, kabla ya mwisho wa wiki ya tatu. Kengele alilisoma mara mbili. Alikwenda mara moja, kwani hakuwahi kuchelewa popote.

Mlango wa mshauri ulikuwa umefungwa. Katika shule aliyotoka, ofisi ya mwalimu haikuingiwa bila kuitwa, na aliyegonga mlango ule alichapwa. Kwa hiyo Kengele alisimama kando, mikono nyuma, akisubiri kuitwa. Kijana mmoja wa darasa lake, ambaye kwa kimo chake aliitwa Mrefu, alifika, akagonga, akaingia. Alitoka na karatasi ya njano.

"Wewe unasubiri nini hapo, mlinzi?" aliuliza Mrefu.

"Nasubiri kuitwa."

"Na nani?" Mrefu alicheka, akaenda zake.

Baada ya saa mbili, mlango ulifunguliwa. Mshauri, mama wa makamo mwenye miwani, alitoka mbio na mafaili kwapani. Alimwona Kengele amesimama.

"Kijana, una shida?"

Kuwa na shida mbele ya mwalimu ilikuwa aibu. Kengele alijibu upesi, kama alivyofundishwa.

"Hapana, mwalimu."

"Haya." Akaondoka. Kengele naye akaondoka, akiamini kwamba zamu yake ikifika ataitwa. Haikufika.

Wiki ya saba walifanya jaribio. Karatasi ya Kengele ilirudi bila alama. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Jina lako halimo kwenye orodha. Nenda masjala.*

Kwa miaka minne hakuwahi kuagizwa ofisini hata siku moja. Waliokwenda ofisini walikuwa wavunja sheria. Alijiuliza amekosa nini, asipate jibu. Aliikunja karatasi ile mara nne, akaificha chini kabisa ndani ya begi, akaendelea kuhudhuria. Alijiambia kwamba waliokosea watajirekebisha wenyewe. Usiku hakulala vizuri tena, lakini kitanda alikitandika vilevile.

Siku ya mtihani wa kwanza alifika ukumbini kabla ya milango kufunguliwa. Alikuwa na kalamu mbili na rula. Msimamizi alisoma majina, na kila aliyetajwa aliingia. Majina yakaisha. Kengele akabaki peke yake kwenye ngazi za ukumbi.

"Jina lako halimo," alisema msimamizi. "Siwezi kukuingiza. Nenda masjala."

Mlango ulifungwa taratibu, bila hasira. Kengele angependa afokewe. Angejua la kufanya.

Hakwenda masjala. Hakurudi nyumbani pia. Nyuma ya jengo la utawala palikuwa na matangi makubwa ya maji, na kati ya matangi na ukuta palikuwa na kivuli. Aliketi hapo mpaka jioni. Nyumbani baba alimuuliza, "Umewapiga wenzako bao?" Akajibu, "Nimejitahidi, baba." Kesho yake alipiga viatu rangi, akachukua kalamu mbili na rula, akaaga, akaenda kukaa nyuma ya matangi. Siku ya tatu hali kadhalika. Alisikia wenzake wakitoka ukumbini, wakibishana juu ya majibu. Maswali waliyoyataja aliyajua. Hilo ndilo lililomkata maini.

Siku ya tatu mchana, mama mmoja mnene alifika pale na bakuli lake la chakula. Chuo kizima kilimjua kwa jina la Mama Fotokopi. Alikaa chini ya ngazi za jengo la utawala na mashine mbili za kutolea nakala. Moja ilifanya kazi. Nyingine ilikufa zamani, naye aliifanya meza.

"Wewe, mpangaji. Hapo ni kwangu."

Kengele aliruka akasimama wima. "Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, hujakamatwa. Jana ulikuwa hapa. Juzi pia. Na kalamu zako mbili mfukoni. Mtihani gani huu unaofanyiwa nyuma ya matangi?"

Kengele alitazama viatu vyake.

"Umetolewa ukumbini?"

"Jina langu halikuwemo."

"Ulisajili masomo?"

"Nilipokewa, mama. Barua ninayo. Ada imelipwa."

"Barua sijakuuliza. Kupokewa chuoni ni jambo moja, kusajili masomo ni jingine. Kuna fomu ya njano. Kila muhula unaijaza mwenyewe. Unampelekea mshauri wako, anatia saini. Unaipeleka masjala, wanagonga muhuri. Unakuja kwangu, nakutolea nakala, unaitunza. Nimetoa nakala za fomu hiyo mpaka mashine moja ikakata roho. Yako sijaiona."

"Hakuniita."

"Nani?"

"Mshauri. Nilisimama mlangoni muda wa saa mbili. Hakuniita."

Mama Fotokopi aliacha kutafuna.

"Mwanangu, yule mama ana wanafunzi mia moja na arobaini. Wewe hajui hata kama umezaliwa. Atakuitaje?"

Kengele alifungua begi, akatoa ile karatasi ya jaribio, akamkabidhi. Mama Fotokopi aliikunjua, akasoma maandishi mekundu.

"Hii ni ya lini?"

"Wiki ya saba."

"Na ulipoisoma ukafanya nini?"

"Nilidhani ni adhabu."

"Adhabu! Mtu anakurushia kamba, wewe unadhani ni kiboko." Alitikisa kichwa. Hakucheka. "Huko shuleni walikuchunga. Walikuamsha, walikulisha, walikuita jina. Sikatai, walikulea vizuri, naviona viatu vyako. Lakini hapa hakuna mchungaji. Usiposoma tangazo, limekupita. Usipoelewa, usipouliza, umeachwa. Hakuna atakayekuchukia. Watakusahau tu."

Kengele aliinamisha kichwa magotini. "Basi yamekwisha. Nikamwambie nini baba?"

"Hayajakwisha, ila yanakwisha kesho. Mwanafunzi asiyesajiliwa mpaka mitihani inamalizika anahesabiwa ameacha chuo. Jina linafutwa kabisa, na nafasi yako anapewa mwingine. Mitihani inamalizika kesho, Ijumaa. Nenda kwa mshauri wako, kaombe kuahirisha mwaka. Sasa hivi."

"Nisindikize, mama."

"Ili nigonge mimi? Hapana. Ghorofa ya kwanza, mlango wa nne kushoto. Na ukifika usisimame kama mlingoti wa bendera. Gonga."

Kengele alipanda. Mlango ulikuwa uleule, umefungwa vilevile. Alisimama. Mkono wake ulipanda hadi usawa wa kifua, ukashuka. Akafikiria goti la baba. Akagonga.

"Ingia! Una shida, kijana?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alilimeza.

"Ndiyo, mwalimu. Nina shida."

Alieleza yote akiwa amesimama. Mshauri alivua miwani.

"Benchi la kwanza. Muhula mzima, kila nikifundisha, nimekuona benchi la kwanza. Na siku ile ulisimama hapo nje, nikakuuliza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukasema hapana."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nami nikaridhika, kwa sababu nilikuwa na haraka." Alivaa miwani tena. "Nisikilize. Muhula huu umekwenda. Usajili ulifungwa wiki ya tatu, siwezi kuufungua, na mkuu wa chuo hawezi. Masomo haya hufundishwa mara moja kwa mwaka. Utaanza upya na watakaokuja. Ninachoweza ni kukulindia nafasi yako. Fomu hii itiwe saini na mzazi. Iwe mezani kwangu kesho kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, sina la kukusaidia."

Siku ile baba alikuwa akipaka ukuta wa zahanati. Alikuwa juu kabisa ya ngazi, kopo la rangi limening'inia kwenye ndoano.

"Msomi huyo!" aliita, ili na mlinzi wa zahanati asikie. "Mtihani umekwisha mapema? Umewapiga?"

"Baba, sijafanya mtihani hata mmoja."

Alimweleza akiwa chini, kichwa amekiinua. Baba hakushuka. Alivuta brashi mara moja ukutani, taratibu, mpaka mstari ukaisha. Kisha alianza kuteremka, mguu wa kulia ameunyoosha, kipago kwa kipago. Ilichukua muda mrefu.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, baba."

"Na ulikuwa ukienda kila siku."

"Kila siku."

"Na hizi siku tatu za mtihani? Ulikuwa unatoka nyumbani kwenda wapi?"

"Nilikaa nyuma ya matangi ya maji."

Baba alifuta mikono kwa kitambaa. Ilikuwa safi, isipokuwa kidole gumba, akaendelea kuifuta.

"La mwaka ni kosa, na kosa lina dawa. Hili la matangi ndilo linaloniuma. Uliogopa ofisi. Sawa. Na mimi, Kengele, ni ofisi?"

Machozi yalimtoka Kengele mbele ya mlinzi, naye hakuyafuta.

"Lete hiyo fomu."

Baba alitia saini kwenye goti lake zima. Kidole gumba kiliacha alama nyeupe pembeni mwa karatasi. Kisha alipanda tena ngazi, kwa kuwa ukuta ule ulitakiwa uwe tayari kesho yake.

Fomu ilifika mezani kwa mshauri saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ikaja miezi mirefu. Kengele alichanganya rangi na kuosha brashi, huku Mrefu na wenzake wakipita barabarani na vitabu vya muhula wa pili. Wengine walimsalimu. Wengine waliona haya kwa niaba yake, wakatazama upande mwingine.

Mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa, Kengele aligonga ule mlango wa nne siku ya kwanza. Mchana wake alimpelekea Mama Fotokopi fomu ya njano yenye saini na muhuri.

"Nakala tatu, mama."

"Tatu? Unafungua masjala yako?"

Alisoma ubao wa matangazo kila asubuhi na kila jioni. Hesabu za mteremko zilipomshinda, alimfuata mhadhiri ofisini, akasema hajaelewa. Mhadhiri alivuta kiti, akamfundisha upya. Siku ya mtihani msimamizi alisoma majina. La Kengele lilikuwa la thelathini na moja. Alifaulu masomo yote.

Asubuhi moja alimwekea baba karatasi ya matokeo mezani, katika lile jiko la kijani. Baba aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Hongera, mwanangu. Yule mwenzako mrefu amebakiza muda gani?"

"Mwaka mmoja na nusu."

"Na sisi?"

"Miwili na nusu, baba."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikanda goti, akasimama, akateremsha ngazi kutoka kwenye misumari. Kengele alishika ncha ya mbele. Walitoka. Hawakufika hata kwenye kona kabla baba hajaanza kuchechemea, na Kengele akapunguza mwendo bila kuambiwa.