Nta ya Mama Kwenye Kitako cha Bunduki

Jumatatu, tarehe 15 Septemba 1958, saa nne asubuhi, Eusebia Larruskain alipokea kitako cha bunduki cha mbao ya mjozi, kikiwa bado hakijapakwa kitu. Aliyekileta ni mdogo wake, Bixente, mkulima wa Elgeta, kijiji cha vilimani. Alikitaka kabla njiwa-mwitu wa kuwindwa hawajaanza kupita, katikati ya Oktoba.

Eusebia aliishi ghorofa ya chini yangu, hapa Eibar, mji wa mafundi wa bunduki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipaka vitako jikoni kwake, kazi ambayo karakana za bunduki ziliwapa wanawake wa mtaa wetu. Mimi nilikuwa ripota. Niliandika maelezo yake, ya Bixente, na ya Frantziska, mtunza kanisa la Elgeta, kila mmoja peke yake. Hayakupishana.

"Vanishi au mafuta?" Eusebia alimuuliza mdogo wake.

"Dada, unaniona mimi wa kutundika bunduki ukutani? Mafuta."

"Vanishi hukaa juu. Ikiharibika naikwangua, naanza upya. Mafuta yakishaingia yameingia, usije kunililia."

"Yaingie. Na usinibanie kama unavyobania mchuzi."

Aliifanya kazi kwa utaratibu wake. Alikipangusa kitako kwa kitambaa kibichi, akakikausha karibu na jiko, vinyweleo vya mbao vikasimama, akavikata kwa msasa. Mara tatu. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la mafuta ya kitani, aliuzimua kwa tapentaini ili uzame. Iliyofuata aliisugua kwa kiganja hadi kiganja kikapata moto, mkono mmoja kwa siku. Vitambaa vilivyolowa mafuta alivitupa ndani ya ndoo ya maji, maana vikirundikwa vikavu hujiwasha vyenyewe.

Mikono minne ya mwisho huchanganywa na nta ya nyuki, iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya moto, ili mvua isiingie kwenye mbao. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, alifungua kopo la nta akakuta limeingia mchanga. Mchanga hukwaruza. Kazi ya siku ishirini ingeharibika.

Juu ya meza kulikuwa na mshumaa wa mama yao.

Mama alikuwa amefariki Julai. Kwa desturi yetu kila nyumba ina mahali pake kwenye sakafu ya kanisa, na kwa mwaka mzima baada ya msiba mwanamke wa nyumba huwasha hapo mshumaa kila Jumapili. Ni mshumaa mrefu, mwembamba, wa nta ya nyuki, uliozungushwa kwenye ubao. Marehemu huona njia kwa mwanga huo, na nta ile ni yake. Bixente hakuwa na mke, kwa hiyo kazi ilikuwa ya Eusebia. Jana yake, Jumapili, mshumaa ulikuwa umelegea ubaoni, akaja nao nyumbani kuuzungusha upya.

Alikata urefu wa shibiri moja. Aliniambia alisema kwa sauti, "Mama, ni kwa ajili ya mwanao."

Nta iliyeyuka. Alipaka siku nne. Kitako chote kilikauka isipokuwa mahali ambapo mpigaji huegemeza shavu. Hapo palibaki na unyevu.

Jumamosi Bixente alikuja, akafunga kitako kwenye mitutu, akaiinua bunduki begani pale pale jikoni. Kisha akaishusha.

"Dada, ulikuwa umekilalia?"

"Kwa nini?"

"Pana joto. Kama mtu ameondoa uso wake sasa hivi."

Eusebia alipagusa.

Jumanne, tarehe 14, alirudi. Hakuvua kofia. Aliketi, bunduki mapajani.

"Nikiweka shavu, jicho la kulia linazimika," alisema. "Nikiliondoa, linarudi. Mara ya kwanza nilihesabu hadi tatu. Leo nimehesabu hadi mia mbili ndipo likarudi."

"Basi usiweke! Nenda kwa daktari, punda wewe."

"Kuna sauti."

"Sauti ya nani?"

Bixente alitazama mlango, akanong'ona. "Mama. Anauliza mbona giza."

Eusebia alichukua kipande cha kioo, akaanza kukwangua mahali pa shavu. Vumbi laini la mbao lilianguka. Alikwangua tena. Chini yake rangi ilikuwa ile ile, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikazidi. Aliosha kwa tapentaini. Aliosha kwa maji ya majivu. Akasubiri. Unyevu ulipanda tena kutoka ndani, polepole, kwa umbo la shavu.

Ndipo alipomwambia mdogo wake kuhusu nta.

"Kiache hapa," alimsihi. "Nitakichoma."

"Uchome nta yake?"

"Macho yako, Bixente!"

"Yupo gizani, dada. Akiongea nami anatulia kidogo. Nimnyang'anye na hilo?"

Aliondoka na bunduki.

Kesho yake Eusebia alipanda basi kwenda Elgeta. Frantziska, mwanamke wa miaka sabini, alikuwa akifagia kanisa. Hakumsalimia.

"Mshumaa wenu umekataa kushika moto," alisema. "Nimeujaribu tangu ulipourudisha Jumapili. Mmefanya nini?"

Eusebia alimweleza.

"Irudishe."

"Imo ndani ya mbao. Haitoki."

Frantziska aliacha kufagia. "Umepaka vanishi?"

"Mafuta."

"Ah, binti yangu," alisema mzee, akajifanyia ishara ya msalaba. "Basi atachukua mwanga mahali unapopatikana."

Siku tatu Eusebia alimtafuta mdogo wake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa, ila yeye hakuonekana.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba, alipanda mlima hadi kwenye kibanda cha kuwindia. Anga ilikuwa safi. Jua lilikuwa juu. Njiwa walipita makundi kwa makundi, chini kabisa. Hakuna bunduki iliyolia.

Bixente alikuwa ameketi kwenye ubao wa kibanda. Shavu lake lilikuwa juu ya kitako cha bunduki. Macho yalikuwa wazi, yakitazama jua moja kwa moja. Hayakupepesa.

"Bixente."

"Ni wewe, dada?" Aligeuza kichwa upande ambao dada yake hakuwepo. "Kumekucha?"

Saa ya mkononi ya Eusebia ilionyesha saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Alimshika mkono, wakashuka. Kanisani ibada ilikuwa imekwisha. Frantziska alikuwa amesimama ukutani, mgongo ukiugusa ukuta. Mahali pa nyumba ya Larruskain, mshumaa ulikuwa unawaka.

"Sikuuwasha mimi," alinong'ona. "Sikuuwasha. Umejiwasha saa nne na dakika ishirini."

Eusebia alielewa ulikuwa mwanga wa macho ya nani. Alilowesha vidole viwili kwa mate, akapiga magoti. Aliusogelea moto.

Mkono ulimkamata kifundo cha mkono. Bixente alikuwa amesimama nyuma yake hatua tatu, kipofu, lakini alikuja bila kupapasa.

"Uache," alisema.

"Nikiuzima utaona!"

"Na yeye?"

Eusebia alilia. Vidole vilikuwa bado vimenyooka. Angeweza.

"Uache, dada. Amenyamaza. Sikiliza. Ameshanyamaza."

Alivikunja vidole.

Jumatatu daktari wa Eibar alimpima Bixente macho. Aliandika kwamba hayana kasoro na kwamba mgonjwa haoni.

Mshumaa uliwaka siku kumi na moja, mchana na usiku, ukazimika wenyewe Alhamisi, tarehe 30 Oktoba. Padre alikuwa ameupima kwa uzi siku ya kwanza. Siku hiyo aliupima tena, mimi nikiwepo. Ulikuwa umeongezeka shibiri moja.