Acha Nafasi Pande Zote Mbili

"Kalista, nani anashika simu ya Edmund?"

Kalista aliacha kukanyaga cherehani. Yeye ni dada yake Edmund, fundi nguo pale Mafinga, na Eveline alikuwa amemzoea kama wifi wa kweli.

"Kamwene kwanza, wifi. Umetoka Mbeya na baridi yote hii? Kaa nikumiminie chai."

"Kamwene," Eveline aliitikia salamu. "Nani anashika simu?"

"Si mwenyewe?"

"Siyo mwenyewe. Tazama hapa."

Eveline alimwonyesha ujumbe wa juzi. Yeye alikuwa ameandika: *Kati ya 0.62 na 0.621.* Jibu likaja: *Kati ya 0.62 na 0.6205. Umekula, mpenzi?*

Ulikuwa mchezo wao. Waliupata chuoni Iringa walipokuwa wanasoma hesabu. Eveline anataja namba mbili, Edmund anachagua kipande kidogo kilicho kati ya hizo, Eveline anachagua kidogo zaidi ndani ya hicho, na hivyo hivyo bila mwisho. Namba za ukingoni zenyewe hazihesabiwi. Ikibaki namba hata moja iliyomo ndani ya vipande vyote, Edmund ameshinda. Kisipobaki kitu, ameshinda Eveline. Mwalimu wao alisema ndivyo wenye hesabu wanavyopima kama mahali pana matundu yaliyojificha: pasipo na matundu, anayetaka kubakisha hashindwi, mradi acheze kwa makini.

"Nibane utakavyo, Eve," Edmund alizoea kumwambia. "Kitabaki kitu."

Chuo kilipoisha, Edmund alirudi kwenye kazi za mbao, Eveline akapata shule ya kufundisha Mbeya. Mchezo ukaendelea kwa simu, zamu moja kila siku, miaka miwili. Barua ya posa ingekuja baada ya mavuno.

"Edmund hashiki ukingo," Eveline alisema. "Hata akiwa na usingizi. Ukishika ukingo, mwenzako anakusukuma huko huko, na huko hakuna kitu. Miezi mitatu sasa majibu yanashika ukingo. Na nikipiga haipokelewi, naandikiwa kwamba mashine za mbao zina kelele."

Kalista aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Eveline alipokiona kitambaa kilicholala kwenye cherehani. Satini nyeupe, na shela imekunjwa pembeni.

"Ya nani hiyo?"

"Wifi..."

"Ya nani, Kalista?"

"Ya Goodness. Tangazo la pili la ndoa yake na Edmund limesomwa kanisani Jumapili." Machozi yakamtoka. "Edmund alinunua simu mpya na laini mpya, hii akanipa mimi. Akasema, mjibujibu tu, atachoka mwenyewe. Siku hiyo uliandika unaumwa malaria uko peke yako. Nikashindwa kukuacha hivyo."

"Yule aliyeniambia nimeze dawa na uji..."

"Mimi."

"Na 'umekula' ya kila mchana?"

"Mimi, wifi. Nisamehe. Namba nilikuwa nachagua tu."

Mlango ukasukumwa. Edmund aliingia na unga wa mbao mabegani, akamwona Eveline, akasimama.

"Eve! Nilitaka kukwambia..."

"Sikuja kugombana," Eveline alisema kwa sauti ndogo. "Nataka kitu kimoja tu. Zamu yako."

"Zamu ya nini?"

Eveline alimtazama usoni, akisubiri akumbuke. Hakukumbuka.

"Basi," alisema, akachukua mkoba wake.

Kalista alimfuata hadi barabarani, akamfunika kitenge chake mabegani kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Walisubiri basi. Kisha Kalista akauliza, kwa aibu:

"Nilikosea wapi?"

Eveline alichora mstari vumbini kwa kijiti.

"Hapa. Ulianzia palepale nilipoanzia mimi. Ingia ndani kidogo. Acha nafasi pande zote mbili."

"Ah! Kama nafasi ya mshono. Nikikata ukingoni, nguo inafumuka."

"Hivyo hivyo." Eveline alijaribu kucheka, akalia. Kalista alimshika mpaka basi lilipofika.

"Usiniite wifi tena, Kalista."

"Sawa," alijibu.

Ndani ya basi Eveline alilia bila kujificha. Mama wa kiti cha pili alimpa leso yake. Baada ya Makambako akatoa simu. Vidole vilijua njia vyenyewe: *Kati ya 0.62 na 0.6201.* Alishatuma kabla hajajiuliza anamtumia nani.

Walipofika Igawa, simu ikalia.

*Kati ya 0.62003 na 0.62007. Nimeacha nafasi pande zote mbili, dada.*

Eveline alisoma mara tatu. Akajifuta macho kwa leso ya watu, akaandika: *Sahihi.*

Halafu, chini yake: *Umekula?*