Kabla ya Kusema "Kata"

Evaristo aliamka miguu ikimwaka moto. Akaitazama. Ilikuwa imetulia, baridi kama magogo. Nje, ziwa la Karataska lilikuwa jeupe kwa ukungu. Mkewe, Ninfa, alikuwa akiponda ndizi za kuchemsha kwa tui la nazi ili wapate uji wa wabul.

Zamani Evaristo alikuwa akizamia kamba kochi baharini. Siku moja alizama chini mno, akapanda juu haraka. Viputo vya hewa vilivyotokea ndani ya damu vikamwumiza uti wa mgongo. Tangu hapo husimama kwa magongo, kwa nguvu kidogo iliyobaki kwenye mguu wa kulia.

"Liwa kaja tena usingizini," alisema. "Kanishika nyayo, kazitia kwenye makaa, huku nywele zake zinaelea."

Liwa ni mwanamke wa majini. Huwaadhibu wazamiaji wenye tamaa.

"Huyo mwanamke hachoki?" Ninfa alicheka. "Mimi mwenyewe nimeshakuchoka!"

Evaristo hakucheka. "Nakwenda mjini. Daktari wa upasuaji akate mishipa ya maumivu. Akate yote!"

"Akate nini, bwana Evaristo?" Alikuwa Delmira, muuguzi, amesimama mlangoni. "Na vile vidonge ulivyoandikiwa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Akija Liwa."

"Ndiyo maana kopo halipungui!" Ninfa alifoka. "Kumbe unangoja mgeni!"

Delmira akaketi. "Hivyo si vidonge vya kichwa, vya kumeza ukiumwa tu. Mishipa yako ya fahamu imeumia. Inauambia ubongo kwamba miguu inaungua. Dawa hii huituliza polepole, ukimeza kila siku kama ulivyoandikiwa. Usiongeze mwenyewe, wala usiache ghafla."

"Kwa hiyo najitungia maumivu?"

"Nani kasema? Maumivu ni ya kweli. Makaa ndiyo hayapo."

"Na upasuaji?"

"Upo. Wengine huwasaidia. Wengine, maumivu hurudi. Na kisu kinaweza kukuondolea nguvu ya huo mguu wa kulia. Kwanza upigwe picha ya mgongo, ijulikane maumivu yanatoka wapi. Halafu muulize daktari: utakata nini? Naweza kupoteza nini? Kuna tiba gani sijajaribu?"

Evaristo akautazama mguu wa kulia. Akachezesha kidole gumba, taratibu, kama anayeamsha mtoto.

Yeye na Ninfa walikwenda mjini. Akapigwa picha. Akauliza yote.

"Sioni kinachobana uti wa mgongo, wala maji yaliyojaa ndani yake," daktari alijibu. "Nikikata sasa, huenda usisimame tena. Tuipe dawa nafasi. Maumivu yakizidi ghafla au mguu ukilegea, rudi upesi."

Evaristo akameza kila siku. Mwanzoni dawa ilimlevya. Daktari akaipunguza, kisha akaipandisha kidogo kidogo. Delmira akamfundisha kujikagua vidonda na kutobana mkojo, maana hayo nayo huchochea maumivu.

Moto haukuzimika wote. Ulisogea mbali, kama taa ya mashua ndani ya ukungu.

Alasiri moja alisimama kwa magongo, akaifunga mwenyewe bembea yake ya kulalia, akajilaza. Ninfa akawa anamsimulia ugomvi wa majirani.

"Basi yule mama akashika mwiko... Unanisikia?"

Evaristo alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Ona huyu! Nimefika penye utamu!"

Ninfa akampandisha miguu iliyokuwa ikining'inia nje ya bembea, akaketi chini. Kisha akaumaliza ule ugomvi kwa kunong'ona, hadi mwisho.