Hamsini na Moja Kigimbini

Ukumbi wa usajili ulijaa watu waliojiandikisha kuteseka kwa hiari yao wenyewe. Walikuwapo wanariadha wa kulipwa, wembamba kama sindano, ambao hawakucheka na mtu. Walikuwapo mabosi wa ofisini wenye baiskeli nyepesi na matumbo mazito. Alikuwapo mwalimu mkuu mmoja, mama wa miaka hamsini na moja, akiikagua foleni kama ya wanafunzi wake. Kesho wote wangeogelea kilomita tatu, waendeshe baiskeli kilomita mia na ishirini, kisha wakimbie thelathini, na bado walitabasamu.

Mchora mabango aliitwa kwa sababu ya mwandiko wake. Kazi yake ilikuwa kuandika, kwa wino usiofutika upesi, namba mkononi na umri kigimbini, nyuma ya mguu. Ushindi huhesabiwa rika kwa rika, hivyo anayepitwa husoma kigimbi cha aliyempita ajue kama ni mpinzani wake au ni mpita njia tu. Alimwandika mwalimu mkuu kutoka kwenye orodha, akainua macho, na hapo akamwona aliyefuata: muuguzi wa wodi ya watoto, kaptula ya manjano, kilemba cha buluu, vishimo mashavuni. Namba alitajiwa, akaiandika; macho hayakurudi tena kwenye orodha.

"Una mkono mwepesi," muuguzi alisema. "Ungekuwa unachoma sindano, watoto wangekupenda."

"Na wewe je?"

"Mimi si mtoto."

Walipeana namba za simu. Jioni mchora mabango akampigia.

"Umekula, bingwa?"

"Nimekula, nimelala miguu ukutani. Nikishika nafasi ya tatu kwenye rika langu, naenda fainali za dunia. Miaka miwili naogelea kabla ya zamu, sitaki mchezo."

"Utashika. Nitakuwa meza ya maji, kilomita ya ishirini na nane."

"Usinichekeshe nikifika. Nitaanguka."

"Lala salama, malkia."

"Malkia wa nani? Kata simu, mwongo we."

Dakika tano zikapita na hakuna aliyekata.

Kesho yake alasiri, muuguzi alifika meza ya maji amenuna.

"Hebu niambie, nina nini? Tangu asubuhi watu wananiamkia! Kwenye baiskeli kijana kanipita, kapunguza mwendo, kaniuliza wajukuu hawajambo. Nimezeeka usiku mmoja?"

Mchora mabango akamzunguka, akatazama kigimbi. Pale, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, palisomeka 51.

"Ni mimi," alisema. "Nilirudia umri wa mwalimu mkuu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakutazama."

Kabla hajajibiwa, akafika mwanasheria mmoja wa kike mwenye miwani ya jua na 28 kigimbini, akitembea.

"Shikamoo, mama. Umenipita vizuri kule mlimani. Mimi miguu imegoma, acha nitembee tu. Wawili wa rika langu wametangulia, wa tatu ni mimi, na mwingine simwoni nyuma."

Mchora mabango akainama sikioni mwa muuguzi. "Nyamaza, uende. Nafasi ya tatu hiyo, amekuachia."

Muuguzi alimtazama kama anavyotazamwa mzazi anayeficha dawa za mwanawe chini ya godoro.

"Dada," alimwambia mwanasheria, "mimi nina ishirini na tisa. Huyu bwana ameandika alichotaka. Mimi na wewe ni rika moja, na nafasi ya tatu iko hapa kati yetu. Kimbia."

Mwanasheria alivua miwani. Miguu iliyogoma ikasahau mgomo.

Mchora mabango aliitupa kazi, akawafuata na jagi la maji na ndala zake, akiyamwaga njia nzima. Alifika mwishoni akaambiwa: mwanasheria ametangulia kwa hatua nne.

Muuguzi alikuwa amelala kwenye nyasi. Mchora mabango akapiga magoti, machozi yakamtoka.

"Unalia nini? Nimekimbia mimi."

"Ungenyamaza ungeenda fainali."

"Ningeenda na shikamoo za wizi. Wino nakusamehe, macho hayana pazia. Lakini ule mnong'ono wako?"

"Ule ulikuwa ujinga. Nilitaka upate, sikuuliza utapataje. Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi tangu lini?"

"Tangu foleni."

Muuguzi akacheka, kigimbi kikakaza, akapiga yowe. Mchora mabango akakikanda polepole mpaka kikalegea.

"Mwakani narudi," muuguzi alisema, amefumba macho. "Na wewe unaingia, tuteseke wote."

"Majini pia?"

"Majini kwanza."

Mchora mabango, ambaye mara ya mwisho maji kumvuka magoti alikuwa anaogeshwa na mama yake kwenye beseni, akaushika mkono wake.

"Naingia," alisema, kwa sauti thabiti ya mtu anayejua kuogelea.