Mdundo wa Ndani

"Jaketi hilo lina mwenyewe, kaka. Weka chini."

Mwanamina alisema hivyo bila kuinua kichwa, mikono imezama kwenye rundo la mitumba, stendi ya Kibiti. Tangu mitumba iruhusiwe, watu walikuwa wakigombania hata soksi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hajafika."

"Kafika." Kijana akalivaa, jaketi la ngozi nyeusi tii, jua la saa sita, jasho likimtiririka. Gitaa mgongoni. "Mrisho, wa bendi ya Mafuriko. Tunapiga roki."

"Roki ndo dudu gani?"

"Njoo Idi Pili ulione."

Kesho yake alirudi, na keshokutwa, hana anachonunua. Aliegemea meza wakataniana, redio ikiimba, vidole vya Mwanamina vikigongagonga ubao. Mikono yake haikujua kutulia.

Idi Pili alasiri alivaa gauni la rangi ya chungwa, akasimama mbele kabisa. Magitaa yakanguruma kizungu, Mrisho akaimba kidansi chetu, watu wakapagawa. Kisha mpiga ngoma akabadili mdundo, na Mwanamina akautambua.

Mdundo wa unyago! Ule anaopigiwa mwali ndani, wanaume wakiwa mbali. Wanawake wakaacha kucheza, mmoja mmoja. Bi Mwanabaraka, kungwi wake, alimtazama yeye tu, akajitanda khanga, akaondoka.

Asubuhi Mwanamina alimvamia Mrisho mazoezini.

"Ulichungulia uani kwetu! Mwanamume mzima!"

"Wallahi sijachungulia."

"Kakupa nani, basi? Mji mzima unanitaja mimi. Bi Mwanabaraka kanifukuza unyagoni, na mdogo wangu anachezwa mwezi ujao. Nisimcheze mdogo wangu?"

Mrisho akavuta kiti, akagonga taratibu. "Vidole vyako, mpenzi. Kila redio ikiimba. Nilidhani umeutunga mwenyewe."

Mwanamina akaitazama mikono yake kama mali ya wizi.

Walikwenda pamoja kwa kungwi. Mwanamina akasema kweli yote, Mrisho akaapa hataupiga tena.

"Mdundo huo ukisikiwa na mtu baki, aibu," alisema Bi Mwanabaraka, akichambua mchele. "Ukisikiwa na mume, hayo ni ya chumbani kwenu. Chagueni."

"Nilishachagua siku ya jaketi, bibi," alisema Mrisho. "Namngoja yeye."

"Mlete mshenga," alijibu Mwanamina, "na uje bila hilo jaketi, linanuka."

Kwa jirani redio ikaanza kuimba. Haraka Mwanamina akaikalia mikono yake.

"Iachie kidogo," Mrisho alinong'ona.

"Mpaka ndoa."